Usiweke crashkernel=128M halafu ukalale usingizi

Umeuliza kama crashkernel=128M inatosha seva ya Linux yenye RAM GB 64. Hicho ni kipande cha RAM kinachotengewa kdump, mfumo unaoamsha kerneli ya pili ile kuu ikianguka, ili ihifadhi vmcore, yaani nakala ya kumbukumbu ya wakati wa ajali. Futa hiyo 128M kwanza.

Kerneli kuu ikianguka, ya pili huamkia ndani ya hicho kipande ulichotenga na si kwingine. Humo iingie yenyewe, initramfs (mfumo mdogo wa faili wa kuanzia), draiva za diski na mtandao inazohitaji, na makedumpfile, programu inayoandika vmcore. Kadi ya mtandao yenye foleni nyingi peke yake inaweza kula makumi ya MB. Pasipotosha, OOM (sehemu ya kerneli inayoua programu kumbukumbu ikiisha) inaiua makedumpfile, mashine inajiwasha upya kana kwamba hakuna kitu, na /var/crash unaikuta tupu au ina vmcore-incomplete. Hitilafu inayotokea mara moja kwa miezi kadhaa ndiyo imekupita hivyo. Unaanza kuisubiri tena.

Na yule mwandishi wa mwongozo uliosema "kexec_crash_loaded ikiwa 1, kazi imekwisha" (ni faili ndani ya /sys/kernel), namtafuta mpaka leo. Hiyo 1 inasema kerneli ya pili imepakiwa, basi. Haisemi kama itapata hewa ya kupumua. Ndiyo, nilimwamini. Cheka tu, seva ilinicheka kabla yako.

Anza na 256M. Ukiwa na vidhibiti vingi vya diski, 512M. Iandike kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ndani ya /etc/default/grub (GRUB ndiyo inayopakia kerneli mashine ikiwaka), tengeneza upya usanidi wa GRUB, kisha washa upya, maana nafasi hii hutengwa mashine inapowaka tu. Baadaye unaweza kuipunguza, kuiongeza huwezi. Soma /sys/kernel/kexec_crash_size: 256M huonekana kama 268435456. Ukiona 0, angalia kama kuna mtu kabandika @16M baada ya ukubwa, yaani kailazimisha ianzie mahali fulani. Itoe, kerneli ijichagulie mahali.

Halafu iangushe mwenyewe, kabla haijapewa watumiaji. Kwa root:

sync
echo c > /proc/sysrq-trigger

Kaa mbele ya konsoli, SSH itakatika papo hapo. Ukiona "Out of memory", ongeza 128M urudie. Mashine ikirudi, fungua vmcore kwa programu ya crash pamoja na vmlinux (faili ya kerneli isiyobanwa) yenye alama za debug, andika bt, amri inayoonyesha mfululizo wa miito kabla ya ajali. Usipoona sysrq kwenye orodha inayotoka, bado huna kdump.

Ukisasisha kerneli, iangushe tena. Ukiongeza kadi ya mtandao, iangushe tena.