Kabla ya kuitisha mkutano, jua siku utakayorudi

Mzee aliyeniuliza alikuwa ameketi nyuma kabisa, mgongo ameuegemeza ukutani, kofia ameipakata. Tulikuwa Hindi, mji mdogo wa Lamu, pwani ya Kenya, ulio baina ya Mokowe na Mpeketoni, mwaka mmoja na kitu baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Shirika nililokuwa nikijitolea lilikuwa limewaleta pamoja wavuvi wa visiwani na wakulima wa bara. Karatasi ya mahudhurio ilikwisha kuzunguka, chai imenywewa, nauli zimegawanywa. Nikauliza kama kuna swali. Akasema: "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Mtarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Bajeti yetu ilikuwa ya mikutano mitatu, na ule ulikuwa wa tatu. Tulikaa miezi kumi bila kukanyaga Hindi, na tuliporudi, nusu ya watu hawakuja. Hapo ndipo nilipotambua kuwa tulikuwa tumewadhuru. Mtu alikuwa amesimama mbele ya majirani anaowashuku akasema jinsi alivyofiwa, nasi tukakunja meza, tukapanda boti, tukamwacha na maneno yake.

Vijana wanaoanzisha vikundi vya amani Lamu na Tana River huniuliza waanzie wapi. Anzeni na siku ya kurudi. Kabla hujamwalika mtu yeyote, jua utarudi lini na kwa pesa zipi, na kama mfadhili akiondoka, jua ni nani kati yenu atakayepanda matatu kwa nauli yake mwenyewe kwenda kuwaeleza watu yale waliyoyasema yalifikishwa wapi. Kama hamna mtu huyo, ahirisheni mkutano.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni la maneno mawili: mwenyeji na mgeni. Hapa kwetu maneno haya yamebeba ardhi. Mpango wa makazi wa Lake Kenyatta, huko Mpeketoni, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikagawa mashamba kwa familia zilizotoka bara, wengi wao Wagikuyu wasiokuwa na ardhi. Leo yuko mtu mzima aliyezaliwa Mpeketoni, akawazika wazazi wake Mpeketoni, hana kwao kwingine, na akishuka gatini Amu, yaani mji wa Lamu, bado anaitwa mgeni. Upande wa pili yuko Mbajuni ambaye babu yake alikuwa na shamba na kisima barani, akakimbilia visiwani wakati wa vita vya serikali na waasi wa Shifta miaka ya 1960. Akiambiwa "nyinyi ni watu wa bahari, ardhi ya nini?" huona ukoo wake mzima umefutwa. Na Waaweer, ambao wengi tumezoea kuwaita Waboni, waliuishi msitu ule kabla ya mipango yote hiyo, lakini mara nyingi hata barua ya mwaliko haiwafikii. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu sisi wenyewe tulilifanya zaidi ya mara moja.

Tulikuwa tukianza vikao kwa kuuliza nani ana haki gani, na kila kikao kiliisha kwa makelele. Siku moja tukaacha. Tukamwomba kila mzee aeleze familia yake ilifikaje pale ilipo, basi, bila mtu kumjibu. Mzee mmoja wa Kibajuni akaeleza kisima cha babu yake: mwembe uliokuwa kando yake, njia ya punda, jinsi walivyokiacha usiku. Alieleza kwa muda mrefu. Mama mmoja wa Mpeketoni alikuwa akimtazama tu. Alipofikiwa na zamu yake akasema alikuwa mtoto baba yake alipopata shamba. "Hatukuambiwa kulikuwa na watu," akasema. "Tulipewa namba."

Hakuna hati iliyobadilishwa jina siku ile. Suala la ardhi la Lamu linahitaji serikali na mahakama, na shirika linalowaahidi watu kwamba semina italimaliza linawadanganya. Lakini tangu siku ile wale wawili waliweza kukaa meza moja wakabishana juu ya ardhi bila mmoja kumwona mwenzake mwizi. Naamini kazi yetu iko hapo hasa: kuyafanya mabishano yawezekane.

Jifunzeni pia kuuliza kila upande ulipoteza nini, kwa undani. Julai 2014 ilitangazwa amri ya kutotoka nje usiku, ikaendelea kwa miezi. Mvuvi wa jarife, wavu wa kutega, hutega jioni na kutegua alfajiri. Ukimfungia usiku umemfungia jiko. Wakulima waliokuwa wakilala vichakani kwa hofu hawakulijua hilo, walidhani watu wa visiwani wanaendelea na maisha yao. Nao wavuvi hawakujua kwamba kuna watoto waliolala nje ya nyumba zao usiku baada ya usiku. Walikuja kuambiana kwenye kikao, ana kwa ana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Muungano wa mashirika wa Save Lamu pamoja na wakazi waliupeleka mradi kwenye baraza la kuamua kesi za mazingira, National Environment Tribunal, na tarehe 26 Juni 2019 leseni yake ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Msidhani kila mtu aliupinga. Wako waliotaka kazi, na wako waliosubiri fidia ya mashamba. Lakini kwa miaka kadhaa Mwislamu na Mkristo, mvuvi na mkulima, walisoma karatasi zile zile na kuulizana maana ya hewa na maji ya bahari. Watu wakiwa na kazi mbele yao huzoeana bila kulazimishwa. Kwa hiyo usiitishe mkutano wa "kuaminiana". Tafuta jambo linalowagusa wote, kisima, barabara, bei ya ufuta, na uwaite kwa hilo.

Kuhusu pesa: zisomeni hadharani. Kijana mmoja alituuliza tumepewa shilingi ngapi kwa ajili ya ugomvi wao. Nilihisi ametutukana, kisha nikaona ana haki. Tangu hapo tunasoma bajeti yote kabla ya ajenda, pamoja na mishahara.

Na kuhusu uvumi, kila upande uwe na watu wawili wenye namba za simu za wenzao. Ujumbe wa WhatsApp ukifika kwamba fulani amevamiwa, wanapigiana kwanza. Usimwambie mtu "hakuna kitu" kabla hujajua. Hapa kwetu mara nyingine kitu kimekuwepo kweli, na aliyetulizwa kwa uongo hatakusikiliza tena. Vilevile usikubali kuwa mpelelezi wa mtu yeyote, wala usikubali kunyamazishwa. MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa pwani, zilifungiwa akaunti za benki mwaka 2015, zikaenda mahakamani, mahakama ikazifungulia, na wakati wote huo watu wa pwani walikuwa wakiangalia kama zitawakimbia.

Yule mzee wa Hindi tulimwendea nyumbani kwake kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatusikiliza, akasema tutaje tarehe, na tuitaje mbele ya watu. Tulifanya hivyo. Mwezi uliofuata wenzetu wa kisiwani, wa Faza, walikwama Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, maji yametoka, boti haina njia hadi yajae. Nilimpigia simu asubuhi kumweleza, nikiogopa kwamba yote yameharibika. Akaniuliza maji yanajaa saa ngapi. Nilipomwambia, akasema atawaambia watu wangoje.