Casio SK-1 ya mtumba: ikague kabla ya kulipa

Mdogo wangu, umeuliza kama ile Casio SK-1, kinanda kidogo cha umeme, uliyoiona sokoni Kadutu itakufaa nyumbani. Kwa kuchezea sauti, ndiyo. Kwa mazoezi ya kwaya, hapana. Vibonye ni 32 tu, vyembamba, na inatoa noti 4 kwa mara moja. Utamu wake uko kwenye maikrofoni: unakohoa, kikohozi kinageuka wimbo! Inanasa sauti ya kama sekunde 1.4, na ukiizima inasahau yote. Fungua kifuniko cha betri. Ukiona unga wa kijani kwenye vyuma, teremsha bei. Inatumia betri 5 za AA, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea. Adapta iwe ya volti 7.5, yenye ncha hasi katikati ya plagi. Usichomeke ya redio. Na ubonyeze kila kibonye, hata vile vyeusi.