Jerikeni nne na kilo moja ya nyama

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nafundisha darasa la tano hapa Kasese, magharibi mwa Uganda. Katika somo la unyayo wa maji, yaani maji yote yanayotumika kuzalisha kitu, niliwaambia watoto kwamba kilo moja ya nyama ya ng'ombe hutumia lita 15,400 za maji. Mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, sisi nyumbani tuko wanane na tunachota jerikeni nne tu kwa siku. Hayo maji yote yanatoka wapi?" Nilikosa jibu. Je, hesabu ile ni ya kweli, na niifundishe vipi?

Jibu: Habari ni nzuri, Mwalimu. Hesabu yako ni ya kweli, na ya mtoto pia ni ya kweli. Kila moja inapima maji mengine.

Nianze na yake, maana ndiyo inayonigusa zaidi. Jerikeni nne za lita 20 ni lita 80. Ukigawa kwa watu wanane, kila mmoja anapata lita 10. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiasi cha lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa huduma ya msingi tu. Basi nakuomba, mtoto huyo usimwambie apunguze maji. Hana cha kupunguza. Mafunzo mengi ya kubana maji yaliandikwa kwa mtoto anayeacha bomba wazi huku akipiga mswaki. Tukiyachukua yalivyo, tunamwaibisha aliyeamka alfajiri kwenda kisimani. Yeye afundishwe kuyatumia maji mara mbili: yaliyooshea mboga yamwagiliwe kwenye dodo (mchicha), na ya suuza ya mwisho ya nguo yasafishe sakafu.

Sasa ile nyama. Wazo la unyayo wa maji lilianzishwa mwaka 2002 na mtaalamu Mholanzi, Arjen Hoekstra. Linajumlisha maji yote yaliyotumika kuzalisha kitu, tangu shambani. Ndiyo maana kikombe kidogo cha kahawa huhesabiwa lita 130 hivi, ingawa mnywaji anaona maji yasiyofika hata robo lita.

Maji hayo hugawanywa kwa rangi tatu, na watoto wa Kasese wanaweza kuziona zote bila kitabu. Ya kijani ni mvua iliyoingia udongoni ikanyonywa na mmea, kama inayolisha kahawa kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori. Ya buluu hutolewa mtoni, ziwani au kisimani, kama yanayopita kwenye mifereji ya umwagiliaji ya Mubuku. Ya kijivu ni kiasi kinachohitajika kuzimua uchafu tunaouachia mto mpaka uwe salama tena.

Lita 15,400 ni wastani wa dunia, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji ya kijani: mvua iliyootesha majani na nafaka alizokula ng'ombe. Mvua hiyo ingenyesha malishoni hata kama ng'ombe hayupo, na hakuna jerikeni iliyopungua nyumbani kwa mtoto kwa sababu yake. Lita moja iliyovutwa kutoka mto unaokauka wakati wa kiangazi ina uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo usiandike ubaoni namba yoyote ya unyayo bila rangi yake. Watoto wataielewa haraka kuliko unavyodhani.

Kwa vitendo, kama shule ina bomba linalovuja, weka chini yake kikombe cha robo lita na mtoto mmoja ashike saa. Kikijaa kwa dakika 10, siku nzima zimepotea lita 36, karibu jerikeni mbili. Mtoto anayebeba jerikeni kila siku hahitaji kuelezwa hizo ni ngapi.

Kisha wape kazi ya wiki moja. Kila jerikeni inayoingia nyumbani iandikwe kwenye daftari, pamoja na aliyeibeba na muda aliotumia njiani, foleni ya kisimani ikiwemo. Nadhani utakuta majina ya wasichana yanajirudia, na hilo nalo lizungumzwe darasani. Ila madaftari hayo yakusanye wewe mwenyewe na usome jumla ya darasa tu, maana kuna nyumba ambayo haitafika hata hizo jerikeni nne.