Barua kwa mwanangu anayefundisha Goma

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na si kwa ajili ya maneno. Umeuliza kipi kifae kabla ya kusoma matangazo redioni saa kumi na mbili: vidonge vya menthol vya famasi, au tangawizi na asali. Mimi nilichosikia ni mkwaruzo mwishoni mwa kila sentensi, pale pumzi inapokuishia, na umesafisha koo mara nne hata hujafika kwenye swali. Basi nitajibu hilo la mkwaruzo.

Tangawizi naipenda, ya chai. Lakini chochote unachomeza kinapita nyuma ya nyuzi za sauti, zile nyama mbili kooni zinazogongana ukisema, kwenye njia ya chakula. Kingezigusa ungekohoa mpaka machozi. Hata maji hayazigusi. Lazima yaingie mwilini kwanza, ndiyo maana glasi ya dakika tano kabla ya kipindi imechelewa. Anza kunywa unapoamka, funda mbili tatu kila nusu saa, mpaka mkojo uwe mweupe. Menthol nayo inapoza tu. Koo linajiona limepona, wewe unaendelea kupaza sauti juu ya nyama iliyovimba. Sauti ni nyama, nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo mnagombana uani. Na siku koo linauma na bado lazima useme, aspirini usiguse: inafanya damu ivuje kirahisi, na mshipa mdogo ukipasuka kwenye uzi wa sauti, sauti inakatika hapo hapo.

Hebu piga hesabu. Mwanamke akisema, nyuzi zake zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde. Katika asubuhi nzima ya darasa, toa wakati watoto wanaandika, toa kimya cha katikati ya maneno, bakiza saa moja na nusu tu ya sauti yenyewe. Hiyo ni migongano zaidi ya milioni moja. Kisha jioni unakwenda redioni.

Najua utasema: watoto sitini, Mama, nitanyamaza vipi? Kweli. Lakini kelele haishindwi kwa kelele. Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na makelele anapandisha sauti bila kujijua. Ndicho kinachokupata mvua ikipiga mabati ya darasa. Ikianza, geukia ubao, waandike. Piga makofi kwa mdundo waujibu, usiwaite kwa koo. Simama katikati ya madawati, si mbele, maana mtoto wa nyuma ndiye anayekumaliza. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la chaki juu ya lile vumbi jeusi la barabara za Goma linatosha kumkohoza hata asiyesema neno.

Kunyamaza, basi, lakini si kunong'ona. Harusi ya Furaha ulikuwa umekaa upande wa vinywaji, sijui ulisikia nini. Baba yako mdogo alikuwa na mkwaruzo tangu Pasaka. Mtu wa kwaya akamwambia apumzishe sauti kwa kunong'ona, naye, mtu wa kutii vile, akanong'ona wiki tatu, darasani, sokoni, hata kwa kuku. Ukinong'ona kwa nguvu misuli ya koo inakaza na hewa inapita kwa kasi ikikausha njia. Akatoka hapo mbaya kuliko alivyoingia. Siku ya harusi alisimama amuage binti yake kwa maneno ya baba, akafungua mdomo, ikatoka hewa. Karatasi yake ikasomwa na kijana wa protokole, ambaye hata jina la kijiji chetu alilikosea, watu wakacheka. Mpaka leo inaniuma. Alikuwa ameyaandika maneno yale mwezi mzima.

Baadaye daktari alipitisha kamera nyembamba puani akaona vinundu viwili, kimoja kila upande, pale nyuzi zinapogongana zaidi, kama sugu za kiganja cha mwenye jembe. Hakupasuliwa. Vinundu vya namna hiyo mara nyingi vinapungua mtu akibadili anavyotumia sauti. Sauti ni nyama, inaota sugu, na sugu inalainika.

Sasa fanya hivi. Chukua mrija wa soda, glasi yenye maji nusu, ingiza ncha ya mrija sentimita 2. Sema "uuu" kupitia mrija, mapovu yatoke sawasawa, halafu pandisha na kushusha sauti polepole. Dakika tatu asubuhi, tatu kabla ya redio. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma kutoka kwenye mrija unazuia nyuzi zisigongane kwa nguvu. Mapovu yakikatika, ama umeishiwa pumzi ama hewa inatokea puani. Ukiuzamisha mrija sana utasukuma kwa shingo, na faida imekwisha. Hamu ya kusafisha koo ikija, meza mate au kunywa funda moja. Kusafisha ni kuzigonganisha nyuzi kwa makusudi. Mikro isogeze, shubiri moja kutoka mdomoni, na mwambie fundi apandishe sauti kwenye visikilizio vyako vya masikioni, kwa sababu usipojisikia utapiga kelele. Kwenye karatasi ya matangazo chora mkwaju, ule mstari wa mshazari, pale pa kuvuta pumzi, kabla haijaisha.

Na asubuhi, je, sauti ni nzito kuliko jioni? Kama ndiyo, tazama chakula cha usiku. Bugali na sombe, majani ya muhogo, saa tatu, kitandani saa nne, asidi inapanda kooni umelala. Acha muda wa saa tatu nzima kati ya sahani na mto.

Redio uache au usiache, sitasema. Nilikuwa nimeshaandika "acha" nikaikata, unaona wino. Labda darasa ndilo la kupunguza. Hapana, hilo nalo si langu. Ila mkwaruzo huu ukifika wiki ya nne, hata kama hauumi, nenda ukaangaliwe koo kwa kamera, na usikubali mtu akuandikie antibiotiki kwa kukutazama ulimi.

Yaya yako, mkubwa wako, anapanda boti Jumatano. Nimempa mirija kumi na sambaza zilizokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani. Sambaza uzile mchana.

Mama yako