Katibiwa ugonjwa usio wake, tiba ikachelewa: uende kwa wakili na nini?

Tangu madai yetu dhidi ya kituo kilichomtibu vibaya mdogo wangu yaishe, watu wa Newala na Tandahimba wananipigia simu, na karibu wote wanaanza na swali lilelile: "Dada, wamewalipa shilingi ngapi?" Kiasi sisemi, tulisaini kwamba hatutakitaja. Hata ningekitaja kisingekufaa, maana hesabu ya mgonjwa mmoja haihamii kwa mwingine. Kinachoweza kukufaa ni kujua hesabu yenyewe inavyopigwa. Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa sekondari. Niliyoyajua nimeyajua kwa kukaa na faili la hospitali mezani na kumsumbua wakili wetu kwa maswali.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mdogo wangu alikuwa kijana wa kupulizia mikorosho, ya kwetu na ya watu. Akaanza kuumwa tumbo kuzunguka kitovu, akatapika, homa ikapanda. Tukampeleka kituo kimoja binafsi. Kipimo cha malaria hasi. Wakapima mkojo wakasema UTI, wakapima Widal wakasema na taifodi ipo (huku kusini nani hajawahi kuambiwa ana UTI na taifodi kwa mpigo?). Akapewa dawa, akarudi nyumbani. Kesho yake maumivu yamehamia kulia chini, anatembea amejikunja. Tukamrudisha palepale. Wakabadilisha vidonge kuwa sindano, wakasema aende akapumzike. Halafu maumivu yakapungua ghafla, mama akashukuru, akamkorogea uji. Kumbe kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Tulipomfikisha hospitali kubwa tumbo limeshakakamaa. Wakampasua, wakatoa usaha, baada ya siku kadhaa ikabidi wampasue tena. Mshono haukupona vizuri, pakaota ngiri. Ile mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, haibebi tena mgongoni.

Sasa, mtu mwenye hasira kama tuliyokuwa nayo anaamini kesi imeshakamilika: walisema taifodi, haikuwa taifodi, walipe. Wakili wetu, mama mmoja mtaratibu wa Mtwara mjini, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kidole tumbo si wao waliomwekea." Mjomba nusura anyanyuke aondoke. Lakini katika sentensi ile ndimo kesi nzima ilimokuwa.

Kwanza, kukosea kutambua ugonjwa peke yake si uzembe. Yapo makosa yanayojisema yenyewe. Mnakumbuka Novemba 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walipobadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu. Kosa kama lile halihitaji mtaalamu wa kulifafanua. Kidole tumbo cha siku ya kwanza ni jambo jingine. Kinaanza kama gesi, kama malaria, kama chochote. Mahakama haiulizi kama tabibu alipatia. Inauliza kama alifanya ambacho tabibu wa ngazi yake, mwenye uangalifu wa kawaida, angefanya kwa dalili zilizokuwa mbele yake saa ile. Daktari bingwa aliyetusomea faili alituambia wazi kwamba ziara ya kwanza hailaumiki. Iliniuma kusikia hivyo, lakini tuliiacha, na nadhani kuiacha kulifanya yaliyobaki yaaminike zaidi.

Ziara ya pili ndiyo iliyokuwa na kesi. Kwenye karatasi ya siku ile, kwa mwandiko wa tabibu mwenyewe, kuna mstari mmoja mfupi: joto 38.9, anatapika, halafu "tender RIF". Hizo herufi tatu ni upande wa kulia chini ya tumbo, hapo hapo kinapokaa kidole tumbo. Maana yake alimbonyeza, akaona anaumia mahali penyewe, akaandika, kisha chini yake akaandika sindano za taifodi na ruhusa ya kwenda nyumbani. Hakuna rufaa ya kwenda hospitali kubwa, hakuna kulazwa kwa uangalizi, hakuna hata agizo la kurudi jioni. Sisi nyumbani tulikuwa tunabishana kama walimpima vizuri au la. Kumbe kupima walipima. Walichoshindwa ni kukifanyia kazi walichokiona.

La pili, na hili ndilo ninalowarudia watu kwenye simu hadi sauti inakauka: fidia inalipa tofauti. Chukua hali aliyonayo mgonjwa leo, toa hali ambayo angekuwa nayo kama angetibiwa kwa wakati. Kinachobaki ndicho unachodai. Mdogo wangu angepasuliwa vyovyote vile, kidole tumbo tiba yake ya kawaida ndiyo hiyo. Kwa hiyo gharama ya upasuaji wa kwanza hatukuidai, ijapokuwa ndiyo iliyotufilisi. Tulidai usaha, upasuaji wa pili, wiki za ziada wodini, ngiri, na kazi aliyoipoteza. Hapo ndipo muda unapokuwa moyo wa kesi, kwa sababu lazima daktari fulani aseme kwamba angepewa rufaa siku ya pili, kuna uwezekano mkubwa kidole tumbo kingetolewa kabla hakijapasuka. Kama ugonjwa ungeishia palepale hata kwa tiba ya haraka, basi umekosewa, unastahili kuombwa radhi, lakini fidia utaitafuta sana. Nimewaambia hivyo watu wawili watatu na wamenuna. Afadhali wanune kwangu kuliko baada ya kulipa ada ya mahakama.

Karatasi. Kila kitu ni karatasi. Daftari la mgonjwa au kadi, vijikaratasi vya maabara, risiti, barua ya rufaa, maboksi ya dawa yenye maelekezo ya kalamu, fomu ya bima kama ulisaini, ujumbe wa malipo kwenye simu. Meseji na picha za simu nazo zinapokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imezipa nafasi, kwa hiyo usifute kitu na usiuze simu. Ile picha mama aliyompiga mgonjwa akiwa amejikunja mlangoni kwa kituo ina tarehe na saa ndani yake, na ilimaliza ubishi kwamba hatukurudi siku ya pili.

Nakala ya faili lenyewe iombe kwa barua, mapema, wakati bado mnasalimiana vizuri. Andika jina la mgonjwa, tarehe za kuhudhuria, na kwamba unaomba nakala ya kumbukumbu zote pamoja na majibu ya maabara. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikuambia faili ni mali ya hospitali, karatasi ni yao kweli, lakini taarifa zilizomo ni za mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Mgonjwa akiwa mtu mzima aombe yeye au akuandikie idhini. Udada hautoshi dirishani. Na usiisahau hospitali iliyomwokoa: taarifa ya upasuaji, ile anayoiandika mpasuaji akitoka chumba cha upasuaji, inaeleza alichokikuta tumboni na kwa hali gani. Kwetu sisi ilikuwa na uzito kuliko mashahidi wote wa ukoo.

Upande wa hasara, hesabu iliyo wazi (nauli, dawa, vitanda, mshahara) ni lazima uitaje kimojakimoja na uithibitishe, mahakama haikisii. Maumivu na usumbufu ndivyo hakimu anavyovipima kwa busara yake. Kijana wa kupulizia hana hati ya mshahara, lakini waliokuwa wanamwajiri wapo. Tulizunguka kwa wenye mashamba wakaandika walimlipa kiasi gani kwa msimu, wengine walikuwa wamemtumia kwa simu kabisa. Ilichosha, ila bila hivyo msimu wake mzima ungeandikwa sifuri.

Halafu daktari wa kutoa maoni. Mtwara na Lindi madaktari wanajuana, wamesoma pamoja, wanazikana. Usitegemee aliyepo mtaa wa pili amwandikie mwenzake vibaya, na wala usimlaumu. Wetu tulimpata Dar es Salaam. Usimpelekee swali la "je, walikosea?" Mpe faili na umuulize: kwa dalili zilizoandikwa siku hii, tabibu mwangalifu angefanya nini, na lingebadilisha nini?

Muda ndiyo balaa letu watu wa korosho. Kila jambo zito tunalisogeza mpaka minada ianze, pesa iingie kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, ndipo tutafute wakili. Msimu ukiwa mbaya tunasogeza tena. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe wa namna hii, na hesabu ya salama ni kuanzia siku ya kosa. Barua za kubembelezana na vikao vya kuombana radhi havisimamishi hesabu hiyo. Malalamiko polisi au kwenye baraza la kitaaluma nayo hayaisimamishi. Ukichelewa, kesi inatupwa hata iwe nzuri vipi.

Kituo kikiwa cha serikali, zahanati ya kijiji ikiwemo, kuna jambo la ziada. Kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku zisizopungua 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu halmashauri pia. Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi, na kesi inakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa bahati nzuri tunayo Mtwara. Kwa hiyo usihesabu miaka 3 kamili, toa hizo siku na muda wa kuandaa. Hospitali za misheni zilizoteuliwa kuwa za wilaya zinachanganya: jengo la kanisa, tabibu wa serikali. Ulizia mapema nani mwajiri wa aliyemhudumia mgonjwa.

Je, ulalamike wapi bila kesi? Kwa mganga mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha wa Mkoa. Kwa mwenendo wa kitaaluma kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi na wakunga kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha, hata kumwondoa mtu kwenye rejesta. Kukulipa haliwezi. Watu wengi wanaomtaka tabibu "aadabishwe" wanakwenda mahakamani, na wanaotaka ngiri ya mtoto wao itibiwe wanakwenda barazani. Amua unataka nini kwanza.

Kuna jambo la nyumbani. Kwetu Wamakonde, shauri kubwa halitoki bila wajomba, na mjomba wetu mkubwa alitaka yaachwe, kwa kuwa mmoja wa wenye kituo ni mtu wa kwao. Sikumbishia mbele ya watu. Nilimwomba tu asisaini chochote. Maana walikuja kweli, jioni, kwa heshima zote, na pesa ya kufuta gharama ya kitanda pamoja na karatasi iliyosema mgonjwa "hana madai mengine yoyote". Pesa ile ilikuwa ndogo, na ngiri ilikuwa bado haijajulikana. Kumaliza kwa mazungumzo si vibaya, hata sisi tulimaliza kwenye usuluhishi, ambao mahakama inaupitisha kabla ya kusikiliza mashahidi. Ila mnapatana baada ya daktari kusema mgonjwa amefikia wapi, na makubaliano yakisajiliwa mahakamani yana nguvu ya hukumu. Wakichelewa kulipa, unakazia hukumu, yaani unaomba mahakama iwalazimishe kulipa.

Kwa asiye na pesa ya wakili, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanakuandikia barua na kukuelekeza bure. Mahakamani hawakuwakilishi. Ukipata wakili, ada iandikwe. Na tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo isome hati yako ya madai kabla ya kusaini, neno kwa neno. Yetu iliandika mguu wa kushoto mahali fulani, sijui ulitokea kesi gani.

Nimalizie na walionipigia wakiwa na msiba, ambao ndio wagumu kuwajibu. Mgonjwa akifariki, wewe huwezi kudai kwa niaba ya marehemu kwa jina lako tu. Anateuliwa msimamizi wa mirathi kwanza, na kwa familia nyingi hilo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Hilo linawezekana hata baadaye. Lisilowezekana baadaye kirahisi ni kujua marehemu alikufa kwa nini. Huku tunazika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na kuomba maiti ichunguzwe kunaonekana kama kumtesa. Siwezi kukuamulia. Lakini kama kuna shaka ya kweli, ni vizuri mtu mmoja wa familia, mwenye sauti, aulize palepale hospitalini kabla mwili haujatoka mochwari, na majibu yake yatoke kwa maandishi.