Re: Chaja yangu inachaji Samsung, iPhone inasuasua
Habari mkuu. Umesema chaja uliyounda ya volti 5 inachaji Samsung vizuri ila iPhone yako ya zamani inasuasua. Usiguse transfoma bado. Pima kwanza pini mbili za katikati za tundu la USB, D+ na D- (nyaya za data). Saketi yako sijaiona, lakini nahisi umeziunganisha pamoja: Android nyingi huridhika hapo na kuvuta hadi ampea 1.5. iPhone hiyo inatafuta volti 2.0 kwenye D+ na 2.7 kwenye D- ili ivute ampea 1.

Mimi hugawa volti 5 kwa rezista: kilo-omu 75 juu (kutoka volti 5 hadi pini) na 51 chini (kutoka pini hadi hasi) kwa D+, 43 juu na 51 chini kwa D-. Tundu hilo sasa Android nyingine huenda zikalikataa au zikachaji polepole, kwa hiyo weka matundu mawili, au bora zaidi, IC (chipu ndogo) ya TPS2514 inayojitambulia simu yenyewe.