Jibu: Liondoe boksi la mawaridi jikoni leo hii

Dada, liondoe boksi hilo jikoni kabla hujamaliza kusoma. Umeandika kwamba miche yako 6 ya mawaridi imefika Minneapolis, Minnesota, kwa posta wiki hii, katikati ya Aprili, kwamba umeiweka dirishani "ipate nguvu" mpaka udongo ulainike, na ukauliza pia kuhusu mbolea, kupogoa na wadudu. Hayo mengine tutayafikia siku nyingine. Hilo la dirishani lilinigharimu dola 140.

Miche ya mizizi mitupu, yaani isiyo na udongo, hutumwa ikiwa imelala, na ikiwa katika usingizi huo jalidi (baridi ya kugandisha) haiisumbui. Mimi niliiamsha. Kwa siku 12 niliitazama ikitoa machipukizi marefu meupe, nikayapiga picha na kuwarushia ndugu zangu wa Tanga, wakanisifu. Mwishoni mwa Aprili zilipita siku 4 za joto, nikaipanda. Wiki iliyofuata ukaja usiku mmoja wa anga lisilo na mawingu wala upepo, joto likashuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri, na plastiki niliyoifunikia ilikuwa imelalia majani, ambapo baridi hupita kana kwamba hakuna kitu. Asubuhi kila chipukizi lilikuwa jeusi na legevu kama mchicha uliosahauliwa motoni. Mtu aliyekulia mahali ambapo kinachoanguka usiku ni nazi tu angejuaje?

Hata hivyo mimea ingeweza kuchipua tena, lau nisingemsikiliza yule bwana wa video aliyesisitiza kwamba kifundo cha kubebesha, yaani pale waridi lilipounganishwa na shina la chini la waridi jingine, lazima kikae juu ya udongo. Baadaye sana niligundua kwamba analima pwani ya California! Kwake ni ushauri mzuri. Kwa Minnesota ni hukumu ya kifo, na hakuona haja ya kutaja anakoishi. Mhudumu wa kitalu nilikonunulia naye aliniambia kwa simu kwamba mawaridi huvumilia baridi, nisihangaike. Miche iliyokwisha kudhoofishwa na jalidi iliingia majira ya baridi na vifundo vikiwa wazi, na Januari ikamaliza kazi. Mwaka uliofuata miwili ilichipua kwa fahari na kutoa maua mekundu ya damu ya mzee, ilhali niliagiza meupe na ya manjano. Hilo ni Dr. Huey, waridi ambalo vitalu vingi vya Marekani hulitumia kama shina la chini la kubebeshea. Wageni hulisifu, nami hunyamaza.

Kwa hiyo usiliamshe waridi kabla ya wakati, na ukilipanda, lizike. Iweke miche kwenye friji isiyo na matunda, au katika gereji yenye ubaridi usiogandisha, mizizi ikiwa na unyevu. Udongo ukiacha kuganda, iloweke usiku mmoja, uipande kifundo kikiwa sentimita 5 hadi 8 chini ya ardhi, kisha ulundike udongo juu ya matawi kiasi cha sentimita 20. Lundo hilo ulipunguze polepole kuanzia katikati ya Mei, siku ya mawingu. Jalidi ikitangazwa baada ya hapo, funika jioni mapema kwa shuka au ndoo inayofika chini, ili joto la ardhini lisitoroke, na ufunue asubuhi. Ndoo ninazo 9, ambazo mume wangu huziita makaburi. Ukizihitaji, njoo uzichukue.